Uso wa Ungo

Magari manne yamesimama kando ya barabara ya kinamasi,
taa zinawaka, milango iko wazi nusu,
nami nikadhani ni ajali.
Nilikuwa natoka zamu ya usiku,
viatu vya wodini bado miguuni,
mikono inanuka sabuni ya makao ya wazee,
nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
kope zinagandana nikipepesa.

Hakukuwa na damu. Hakukuwa na kioo kilichovunjika.
Kulikuwa na watu saba waliovimba kwa makoti,
wametulia kama wanaongojea mwandamo wa mwezi,
wanautazama msonobari mmoja mkavu.
Mama mmoja, Lorna Maki, mstaafu wa posta,
akanivika darubini yake shingoni
bila kuuliza mimi nani.
"Fuata shina," akanong'ona,
"mpaka pale gome linapoacha kuwa gome."

Nikalifuata.
Gome likafumbua macho.

Macho madogo, manjano
ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji,
yamesogeleana mno katikati ya uso ule mpana,
vifungo viwili vya shati la mtoto
vilivyoshonwa kwenye blanketi la mtu mzima.
Na kuyazunguka macho, duara,
na kulizunguka duara, duara jingine,
kijivu, kahawia, kijivu,
ukindu juu ya ukindu,
hata nikasema kwa sauti, kwa lugha asiyoijua yeyote pale:
"Lo! Huu si ungo?"
Ungo wa shangazi Nakiete, niliouacha ukutani Usangi,
umeota manyoya
umefika Minnesota kabla yangu.

Chini ya kidevu, tai nyeupe ya kipepeo
imekaa upande kidogo,
kama ya bwana harusi aliyejifunga mwenyewe bila kioo.

Lorna alisema hupita miaka asionekane hata mmoja.
Alisema ukubwa wote ule ni manyoya,
ukimweka kwenye mizani jogoo wa sikukuu anamshinda.
"Na uso ule si pambo," akasema. "Ule wote ni sikio."

Kumbe anapepeta.
Injini, pumzi zetu, theluji inayoporomoka tawini,
mtu wa nyuma anayefuta kamasi kwa glavu:
makapi.
Anayarusha yote yaende na upepo
abaki na punje moja,
panya anayetafuna mzizi
chini, chini kabisa ya theluji.

Akaliachia tawi.
Nimekaa na watu wakikata roho saa tisa za usiku,
naujua ukimya wa namna nyingi.
Huu haukuwamo.
Akazama uso mbele. Akaibuka na masharubu ya barafu
na mkia mwembamba ukining'inia mdomoni.

Kwetu, bundi akilia juu ya paa
tulimtupia kijinga cha moto,
kisha tukaanza kuhesabu wagonjwa.
Lakini kuhesabu wagonjwa ndiyo kazi yangu sasa.
Mimi ndiye ninayepita mlango kwa mlango gizani,
soli laini, nisisikike,
nikitega sikio pumzi ya nani imepungua.
Nimwogope wa nini?

Nilimtumia shangazi picha. Akakaa kimya saa nzima,
halafu sauti yake ikaingia, na kuku wake nyuma wakigombana:
"Mwambie anirudishie ungo wangu.
Na wewe vaa soksi."

Usiku wa leo nitaanzia chumba cha kumi na mbili, kwa Toivo,
aliyekata misonobari ya kinamasi kile miaka arobaini
na kumwona mara mbili tu.
Macho yake yamekwisha zimika.
Nitamfungua kiganja, kikavu kama ganda la mti,
nichore kwa kidole duara,
na duara jingine,
vifungo viwili, karibu karibu,
na tai. Upande kidogo.